Sola Ni ya Nani? Sheria za Umeme wa Nje ya Gridi Balambala

Umeme wa nje ya gridi ni ule unaozalishwa na kutumika pale pale, bila kuunganishwa na nyaya za taifa. Balambala, kaunti ndogo ya Garissa iliyo ukingoni mwa mto Tana, wakazi wengi wa vijijini hawajajua umeme mwingine. Huo wa nje ya gridi huwafikia kwa sura tatu: paneli ya nyumbani inayowasha taa na kuchaji simu, mtambo wa taasisi, kama vile kisima, zahanati au shule, na gridi ndogo inayokusudiwa kuhudumia kijiji kizima. Kila sura ina sheria zake. Hata hivyo, uzoefu wa Balambala unaonyesha kasoro inayojirudia katika zote tatu: Kenya imetunga kanuni nyingi za kuufikisha umeme, na chache mno za kusema nani atauangalia ukishafika.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 32,257 katika kaunti hiyo ndogo, kati ya 841,353 wa Garissa nzima. Wametawanyika Balambala yenyewe, Saka, Danyere, Jarajara na Sankuri, na nje ya vituo hivyo wengi ni wafugaji wanaofuata malisho. Kati ya kituo kimoja na kingine kuna vichaka vya migunga, mchanga, na malaga, yaani mikondo ya maji ya msimu, ambayo mvua ikinyesha hufunga njia kwa siku kadhaa. Kila kilomita ya nguzo huko hupita nyumba chache sana. Mhasibu wa kampuni yoyote ya umeme akipiga hesabu hiyo, jibu lake ni moja.

Jambo gumu kulimeza ni kwamba mto wenyewe unazalisha umeme. Maji yanayopita Balambala yamekwisha kuzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere huko juu. Kindaruma ilianza kazi 1968, Kiambere 1988, na kwa miaka mingi mabwawa hayo ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa umeme wa Kenya. Nyaya zilielekea Nairobi. Kilichoshuka na mto ni mafuriko yaliyobadilika tabia: mashamba ya ukingoni yaliyozoea kunyweshwa na maji ya msimu hayakuweza tena kuyategemea kama zamani.

Kuachwa huko hakukuwa bahati mbaya. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo ambayo yangeleta faida kubwa zaidi kwa haraka, na hiyo ikamaanisha nyanda zenye mvua, reli na mashamba ya kahawa na chai. Mpango wa umeme vijijini ulipoanzishwa 1973, ulifuata mkondo huo huo: ulisogeza nyaya kutoka pale zilipokuwa. Kaskazini Mashariki, iliko Garissa, hapakuwa na waya wa kusogezwa. Mji wa Garissa ulitegemea jenereta za dizeli hadi katikati ya miaka ya 2010, laini kubwa kutoka Kindaruma ilipopitia Mwingi na kuufikia. Nje ya mji hata dizeli ilikuwa anasa. Waliokua Balambala miaka ya themanini wanakumbuka koroboi nyumbani, karabai dukani na msikitini, tochi ya betri mbili kwa anayetoka usiku kuangalia mifugo, na redio iliyozimwa taarifa ya habari ikiisha ili mawe ya betri yasimalizike.

Sola za kwanza zililetwa na wafadhili, zikafungwa kwenye zahanati na kwenye nyumba za miradi. Hapakuwa na sheria iliyozizungumzia. Sheria ya Umeme ya 1997 ilikuwa na hoja kubwa zaidi: kutenganisha uzalishaji na usambazaji na kuunda mdhibiti. Sheria ya Nishati ya 2006 ndiyo iliyoianzisha Mamlaka ya Usambazaji Umeme Vijijini, REA, na mfuko wake unaojazwa kwa tozo ya asilimia 5 kwenye bili za umeme. Lakini aliyeleta mahitaji ya kweli ya umeme vijijini hakuwa mbunge wala mhandisi. Ilikuwa ni simu ya mkononi. M-Pesa ilipoanza 2007, simu ikawa benki, na simu iliyozima ikawa benki iliyofungwa. Kila kituo kikapata duka lenye paneli juu ya bati na kamba ya chaja ukutani, simu zimepangwa na vibandiko vyenye majina ya wenyewe. Mwenye duka hakuwa na leseni ya kuuza umeme, na hakuna aliyemwuliza. Ni yeye, hata hivyo, aliyekuwa msambazaji wa kwanza wa umeme ambaye watu wa vituo hivyo waliwahi kumlipa.

Serikali ilikuja kuitambua sola rasmi kwa Kanuni za Mifumo ya Sola za 2012. Zilidai kila fundi awe na leseni ya daraja T1, T2 au T3 kulingana na ukubwa wa mtambo, na kila muuzaji na mkandarasi asajiliwe na atoe dhamana. Kwa Nairobi na Thika kanuni hizo zilikuwa na maana. Kwa Balambala zilimkuta fundi wa redio aliyejifunza kazi kwa kufungua na kufunga, ambaye chuo cha karibu kwake kilikuwa safari ya siku nzima na ada yake ni bei ya mbuzi kadhaa. Akabaki bila leseni, na kazi akaendelea kuifanya, kwa kuwa mwenye leseni hakuwepo. Sheria ikimfanya mtu wa pekee anayejua kazi kuwa mvunja sheria, haimwondoi sokoni. Inamfanya tu asiweze kutoa risiti, na mteja asiwe na pa kulalamika.

Bidhaa nazo zilikuwa na hadithi yake. Taa za bei rahisi zilifurika madukani. Nyingine hazikumaliza msimu mmoja wa vumbi. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na shirika lake la IFC, ulioanza 2007 kwa kuijaribu Kenya pamoja na Ghana, ulileta vipimo vya ubora, na Shirika la Viwango la Kenya likavipokea. Hilo lilisaidia. Kodi haikusaidia. Vifaa vya sola vilisamehewa VAT 2014, msamaha ukaondolewa na Sheria ya Fedha ya 2020, kisha ukarudishwa na ile ya 2021. Mwenye duka anayeagiza mzigo Garissa mara mbili kwa mwaka hawezi kupanga bei kwa sera inayobadilika kama upepo wa kusi na kaskazi, na mfanyabiashara wa taa feki, asiyelipa kodi yoyote, haimgusi.

Mtambo wa taasisi ndipo kasoro ya utunzaji inapoonekana wazi zaidi, na hapa kisima kinafaa kuangaliwa kwa karibu. Zamani kisima kirefu kilikuwa na jenereta ya dizeli, mwendeshaji, na kamati ya maji. Mfugaji alilipa kwa kichwa cha mnyama: ngamia bei yake, ng'ombe bei yake, mbuzi na kondoo yao. Mweka hazina alikuwa na daftari la kurasa za mistari, lenye harufu ya dizeli, na kila jioni alijumlisha. Fedha hizo zilinunua mafuta ya kesho. Mfumo ulikuwa ghali, wenye kelele, na wenye wizi wa hapa na pale. Lakini ulikuwa na nidhamu moja: dizeli ikiisha, maji yanaisha siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujifanya haoni. Kiangazi kikikaza, mifugo ilipanga foleni usiku kucha na jenereta haikuzimwa.

Sola ikafungwa. Jua la Garissa hutoa kama uniti tano hadi sita za nishati kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo pampu ilifanya kazi vizuri, na gharama ya mafuta ikafutika. Pamoja nayo ikafutika sababu ya kukusanya fedha. Kwa nini mfugaji alipie jua? Kamati ikalegea, daftari likawekwa kando. Inveta ilipoungua baada ya miaka kadhaa, kifaa kimoja kiligharimu zaidi ya akiba yote iliyokuwepo, na kwenye kisima kimoja mwandishi wa makala haya alikuta jenereta ya zamani imevutwa tena na trekta hadi mahali pake, chini ya paneli zisizo na kosa lolote. Wazee wa hapo walikuwa wameandika barua kwa aliyefadhili mtambo. Akajibu kwamba mradi umefungwa. Wakaenda kaunti, wakaambiwa kisima hakimo kwenye orodha ya mali ya kaunti. Wakaenda kwa ofisi ya taifa, wakarudishwa kaunti.

Katiba ya 2010 ina sehemu yake katika mzunguko huo. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa sera ya nishati, na linazipa kaunti usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa nishati katika mipango yao. Maneno ya usambazaji na udhibiti yanakaribia kufanana katika pande zote mbili. Sheria ya Nishati ya 2019 ilijaribu kugawa kazi, ikageuza REA kuwa Shirika la Umeme Vijijini na Nishati Jadidifu, REREC, na tume ya awali ya udhibiti kuwa Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA. Inazitaka serikali zote mbili ziwezeshe kila mtu kupata nishati nafuu. Jukumu lililowekwa kwa wawili bila mpaka ni rahisi kwa kila mmoja kumsukumia mwenzake, hasa mtambo unapokuwa umeharibika. Shule zilipitia hayo hayo. REA ilifunga sola kwenye shule nyingi za msingi zilizo mbali na gridi ili mpango wa serikali wa kuwapa wanafunzi vifaa vya kidijitali ufanye kazi. Betri zikafa kwa zamu yake, na bajeti ya shule ya msingi haina kifungu cha betri.

Katiba hiyo hiyo ilileta kitu kingine chenye uzito. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Tume ya Ugavi wa Mapato ikataja kaunti 14, Garissa ikiwa mojawapo. Kaunti hizo 14 ndizo zilizochukuliwa pia na mradi wa sola za nje ya gridi, KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha Julai 2017 kwa mkopo wa dola milioni 150. Zinakalia takriban asilimia 72 ya ardhi ya Kenya na zina kama asilimia 20 ya watu wake. Mradi ulikuwa na mafungu matatu makuu: gridi ndogo za vijiji, sola za nyumbani pamoja na majiko bora, na sola za visima na taasisi za umma. Makaratasini ni mpango uliofikiriwa vyema kuliko yote iliyoutangulia.

Fungu la sola za nyumbani lilisonga, kwa kuwa lililipa kampuni kwa matokeo na mteja alijibebea kifaa chake. Gridi ndogo zilikwama. Mwaka 2022 ulipoisha, miaka mitano tangu idhini, zilikuwa bado kwenye zabuni na mashauriano. Usalama mdogo wa Kaskazini Mashariki ulichangia, na taratibu za manunuzi pia. Lakini fundo lililokaza zaidi lilikuwa ardhi.

Mtambo wa kijiji unahitaji uwanja, pengine ekari moja au mbili, wenye hati inayotambulika. Ardhi ya Balambala, kama sehemu kubwa ya Garissa, ni ardhi ya jamii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, jamii inapaswa kujisajili, kuwa na daftari la wanachama na kamati, na makubaliano ya uwekezaji kuidhinishwa na theluthi mbili ya wanachama watu wazima. Ardhi isiposajiliwa, kaunti huishika kwa amana na haina ruhusa ya kuiuza. Sheria hii ni ngao nzuri kwa mfugaji, na inastahili kutetewa. Tatizo ni kwamba mradi wa umeme ulipangwa kana kwamba usajili umekwisha kufanyika, ilhali katika eneo hili ulikuwa haujaanza, au ulikuwa umeanza na kusimama pale mipaka ya malisho ilipotajwa. Nani ni mwanachama wa jamii wakati wa kiangazi, nusu ya familia zikiwa na ngamia upande wa pili? Wahandisi walikuja na ramani za setilaiti zinazohesabu mapaa. Ramani haihesabu haki ya kunywesha mifugo.

Katika baraza moja kuhusu mtambo wa aina hiyo, chini ya mti, mgeni alieleza kwa ustadi uwezo wa mtambo, idadi ya nyumba na nyakati za kuwasha. Alipomaliza, mzee mmoja akaomba nafasi kwa chifu, akasema: “Mwanangu, tumekusikia, na umeme tunautaka. Tuambie tu: sola ni ya nani? Ikivunjika nimpigie nani? Na ile ardhi, mkiondoka, inarudi?” Mgeni alijibu swali la kwanza kwa kusema ni ya serikali. La pili alisema litaelezwa baadaye, na la tatu akaahidi kulipeleka ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna hati aliyopewa iliyokuwa na majibu hayo.

Baada ya ardhi kuna bei. Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme wa taifa, hutoza bei moja nchini kote, hata kwenye vituo vya dizeli kama vya Mandera na Wajir, na gharama ya mafuta hugawanywa kwa wateja wote wa taifa. Gridi ndogo za KOSAP zilipangwa kufuata njia hiyo: mkandarasi anajenga na kuendesha mtambo kwa miaka kadhaa, serikali inamiliki, Kenya Power inauza uniti kwa bei ya kawaida. Mwekezaji binafsi hana mahali pa kugawia gharama. Kampuni ya Powerhive, iliyopewa leseni 2015, ilichagua Kisii na Nyamira, ambako boma linapakana na boma, na hata huko uniti yake haikuweza kuwa ya bei ya Kenya Power. Balambala, mwekezaji wa aina hiyo hatakuja bila ruzuku, na ni afadhali sera iseme hivyo waziwazi kuliko kuendelea kumsubiri.

Tanzania inatoa funzo lenye pande mbili. Kanuni zake za wazalishaji wadogo, zilizoanza 2008 na kurekebishwa mara kadhaa, ziliusamehe leseni mtambo usiozidi megawati 1 na kuuondolea mtambo mdogo sana haja ya kuidhinishiwa bei, na zikaeleza mapema nini kitatokea waya wa shirika la umeme la taifa, TANESCO, ukifika: mwenye gridi ndogo anaweza kuiuzia TANESCO umeme, kununua na kusambaza, au kulipwa. Wawekezaji wakaja, hadi visiwa vya Ziwa Victoria kama Ukara. Kisha mwaka 2020 serikali ikaagiza uniti iuzwe shilingi 100, sawa na bei ya mteja mdogo wa TANESCO, wakati gharama ilikuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Mwananchi alifurahi, na kwa haki, maana kumtoza maskini wa kisiwani zaidi ya tajiri wa mjini ni dhuluma. Lakini pengo la bei halikuwa na wa kulijaza, na uwekezaji mpya ukapoa. Kenya, yenye sheria inayomruhusu mtu kujizalishia hadi megawati 1 bila leseni lakini ikimtaka leseni akimuuzia jirani, ilikuwa bado ikijadili rasimu ya kanuni za gridi ndogo.

Sola kubwa yenyewe ipo Garissa. Mtambo wa megawati 50 uliojengwa na REREC kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China ulizinduliwa Desemba 2019 na Rais Uhuru Kenyatta, kwenye hekta 85. Umeme wake unaingia gridi ya taifa. Vijiji vilivyo mbali na laini, vya Balambala vikiwemo, havipati chochote moja kwa moja, na vijana huuliza kwa nini. Jibu la kiufundi ni sahihi: volti kubwa haishushwi kila kijiji. Jibu la kisera ndilo halijatolewa, kwani hakuna kanuni inayotenga sehemu ya mapato ya mtambo kama huo kwa majirani, kama Sheria ya Nishati inavyofanya kwa mrabaha wa jotoardhi.

Kwa mwenye nyumba, njia iliyobaki ni sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, biashara iliyoanza Kenya 2012 na kampuni ya M-KOPA. Mpango wa malipo ya kila siku ulitungwa kwa mwenye kipato cha kila siku, mfano muuza mboga au bodaboda. Mfugaji hupata fedha akiuza mnyama, labda mara chache kwa mwaka, na kati ya hapo taa hujifunga. Wengine husita kwa sababu ya riba. Mkataba unaotaja bei moja ya mkopo, iliyokubaliwa tangu mwanzo, huwaondolea shaka, ila mara nyingi maelezo hayo yako kwa lugha na maandishi yasiyosomwa na mnunuzi. Mdhibiti hakuweka sharti la kutenganisha bei taslimu na bei ya mkopo kwa maneno yanayoeleweka, wala la kuruhusu malipo ya msimu.

Mwisho wa maisha ya kifaa ndio ukurasa wa karibuni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamwajibisha mzalishaji na mwagizaji kwa bidhaa yake hata ikiwa imechakaa. Betri ya risasi na asidi ina thamani ya chuma chakavu, kwa hiyo wanunuzi huifuata hadi Saka kwa lori, na asidi humwagwa palepale ili mzigo uwe mwepesi. Betri ya lithiamu haina mnunuzi. Hutupwa nyuma ya ua au kwenye laga, na laga humwaga maji yake Tana. Sheria inataka mpango wa kuzikusanya. Kituo cha kukusanyia, kwa mtu wa Jarajara, bado ni mji wa Garissa, kwa nauli yake mwenyewe.